Nili ya Tokushima Uani kwa Shangazi

Barua ilipofika ofisini kwetu Ibra, hapa Oman, kwamba mkoa mmoja wa Japani utatuletea urithi wake tuuone kwa wiki mbili, mwenyekiti wa kamati aliuliza jambo moja tu: mgeni rasmi atakaa upande gani wa ukumbi, maana jua la asubuhi huingia kwa madirisha ya mashariki. Mkoa wenyewe ni upi na watu wake wanajulikana kwa nini, hilo hakuliuliza. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Nikaisoma barua yote peke yangu.

Mkoa ni Tokushima, katika kisiwa cha Shikoku. Unapitiwa na mto mkubwa ambao zamani ulikuwa ukifurika na kuharibu mpunga. Wakulima wakaacha kushindana nao, wakapanda nili, mmea unaovunwa kabla ya dhoruba kubwa, na mto ukawaletea tope jipya bure. Kwa miaka mingi nguo za buluu za nchi ile zilipata rangi yake huko. Niliposoma hayo nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba kamati itafurahi, kwa kuwa na sisi tulikuwa watu wa nili. Huku Sharqiyah na kule Nizwa, wanawake walivaa nguo zilizochovywa mpaka buluu ikakaribia weusi, na rangi ikawabaki usoni na mikononi. Nilimweleza mwenyekiti. Alinisikiliza huku akichora viti kwenye karatasi.

"Dada," akasema, "hayo yaweke kwenye kijitabu."

Mwenyekiti wetu alizaliwa Tabora, akaletwa Oman mdogo. Kiarabu chake ni cha hotuba. Kiswahili hukitoa anapotaka jambo lifanyike bila kuandikwa. Nimefanya kazi chini yake miaka tisa na sijawahi kumsikia akiuliza kitu hutengenezwaje. Huuliza kitaonekanaje.

Basi Tokushima ikafika kwa masanduku, na kamati ikaipokea kwa namna yake. Kulikuwa na ndimu za huko, ndogo, za kijani, ambazo hukamuliwa juu ya samaki. Tukaziweka kwenye bakuli karibu na mlango, watu wakadhani ni mapambo. Kulikuwa na sukari inayokandwa kwa mkono na kumiminwa katika vikalibu vya maua, laini kama unga wa manukato, ya kuyeyushwa ulimini kipande kimoja kimoja. Vijana wa mapokezi wakaichota kwa vijiko wakatia kwenye chai ya maziwa. Kulikuwa na chai ambayo majani yake huchemshwa, yakashindiliwa kwenye mapipa chini ya mawe mpaka yakachacha. Mhudumu mmoja alionja, akaenda kuitapika, akarudi akaiandikia "imeharibika". Na wale wanasesere wa mbao wa michezo yao ya kuigiza, wenye nyuso nyeupe na macho yanayogeuka, mjumbe mmoja wa kamati alisema wanafanana na masanamu ya kuabudiwa. Baada ya majadiliano ya saa mbili iliamuliwa waonyeshwe, lakini wageuzwe uso ukutani. Wakakaa hivyo wiki mbili, migongo nje. Wageni wakawapiga picha migongo.

Kitu kimoja tu katika shehena ile hakikuweza kuwekwa mezani, nacho ni fundi wa nili. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye Kiingereza cha polepole nilichoweza kukifuata na kukitafsiri. Alikuja na magunia mawili ya kitu kinachofanana na udongo mweusi. Huo ndio utajiri wa Tokushima, aliniambia: majani ya nili yaliyokaushwa, yakarundikwa ghalani, yakamwagiwa maji na kupinduliwa kwa koleo siku kama mia, mpaka yakaoza vizuri. Akasema "vizuri" kwa mkazo.

Jioni ile nilipita kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anayekaa jirani na soko la Ibra.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia mmeleta Mjapani wa nili. Anatia rangi kweli, au anaonyesha picha?"

"Anatia kweli."

"Kucha zake umeziona?"

"Buluu mpaka kwenye ngozi."

"Basi mlete hapa. Angekuwa na kucha safi ningekwambia ukae naye hukohuko."

Nilijua anataka nini. Shangazi amebakiwa na kitu kimoja cha mama yake: ukaya, kitambaa cha kujitanda kichwani, wa nili. Mama yake aliuchukua Ibra kwenda nao Unguja, na huko mabibi wa mjini wakamcheka, wakamwambia hiyo ni nguo ya vijakazi. Akaendelea kuuvaa. Shangazi akaurudisha Oman baada ya mapinduzi, akiwa ameuficha ndani ya mto wa mtoto. Mara ya mwisho ulitiwa rangi na mzee mmoja wa hapa Ibra. Mzee akafa, wanawe wakavunja banda lake wakafungua duka la simu. Tangu hapo ukaya ulifuliwa na kufifia mpaka ukawa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Mara mbili mfanyakazi wa ndani aliutia kwenye ndoo ya kupigia deki. Mara ya pili binamu yangu, mtoto wake wa kumzaa, alisema mfanyakazi hana kosa, kwani nani angejua kwamba tambara lile ni nguo? Shangazi aliufua, akauweka chini ya mto, na hakutoka nao tena nje ya mlango. Alichokitaka kwa yule Mjapani ni kwamba ukaya wa mama yake uwe nguo tena, na yeye awe angali na miguu ya kutoka nao.

Nikamleta fundi. Aliushika ukaya kwa mikono miwili, akautazama kwenye mwanga, akasema unaweza kubeba rangi bado, uzi wake ni mzima. Kisha akaeleza shida yake. Mtungi wa nili hulishwa, alisema, na kwao huulisha pumba za ngano na pombe kidogo ya mchele. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuifuta pombe kwenye orodha kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo hakuna aliyelipinga, hata fundi mwenyewe. Alitaka tu kitu kitamu badala yake.

"Tende," akasema shangazi. "Wazee walitia tende."

Fundi akaomba kuonja. Akala tatu, akauliza zile za bei rahisi kabisa ni zipi.

"Huyu ana akili," shangazi akaniambia. "Wengine wakija huomba khalasi, zile tende za bei kubwa."

Nililiona jambo hili kwa macho yangu kila siku, kwa hiyo nalieleza kwa uhakika. Mtungi ule haukuwa wa rangi tu. Ndani yake mlikuwa na vijidudu hai, na kazi ya fundi ilikuwa kuvilisha na kuvipa joto. Majivu ya kuni, chokaa, pumba, tende. Vikishiba, vinaifanya nili iyeyuke majini, na nguo inaweza kuinywa. Vikifa, nili inabaki tope. Aliuweka mtungi uani nyuma ya ukumbi, juani, na likizama jua akaufunika blanketi. Kila asubuhi aliukoroga, akachovya kidole akaonja. Ulinuka. Sitaupamba ukweli huo: ulinuka kama zizi. Siku ya nane povu la buluu lilipanda katikati, likajikusanya kama ua, na fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Mtungi ulikuwa tayari. Kesho yake ndiyo ilikuwa sherehe, na ukaya wa shangazi ndio ungetumbukizwa mbele ya watu. Mwenyekiti alipenda sana wazo hilo. Aliutengea sinia ya fedha.

Mchana ule wakaja watu wa itifaki kukagua njia atakayopita mgeni rasmi. Mmoja wao, alipofika uani, alivuta pembe ya kilemba chake akajiziba pua. Mengine sikuyaona. Niliyapata baadaye kwa kuwauliza wafanyakazi wawili wa usafi, kila mmoja peke yake, na maelezo yao yakalingana. Kwetu mgeni hupokewa kwa udi na kunyunyiziwa maji ya waridi; mgeni mkubwa akikutana na uvundo mlangoni, habari hiyo itakaa barazani miaka. Mwenyekiti alijua hilo kuliko alivyojua lolote jingine duniani. Akaamuru mtungi uingizwe ukumbini, chini ya kiyoyozi, umiminiwe galoni mbili za dawa ya kuulia vijidudu, kisha chupa nzima ya maji ya waridi, na chetezo cha udi kiwekwe pembeni. Mfanyakazi mmoja, Mbangladeshi, aliuliza kama dawa haitaharibu rangi. Akajibiwa kwamba rangi haifi.

Asubuhi fundi alifunua kifuniko, na harufu iliyotoka ilikuwa ya hospitali na harusi kwa pamoja. Akachovya kitambaa cheupe, akasubiri, akakitoa. Kilikuwa cha kijivu. Akakipeperusha hewani, kikabaki kijivu. Akakichovya tena, nadhani kwa heshima tu. Kisha akarudisha kifuniko taratibu, kama mtu anayefunika uso wa maiti, akaniuliza ni nani aliyefanya hivi. Nikamwambia ni mwenyekiti, maana amri za ukumbi ule zilikuwa za mtu mmoja tu.

Mwenyekiti hakukana. Alitazama saa.

"Tuna saa moja na nusu. Yaani shida ni buluu tu, siyo?"

"Shida ni kwamba mtungi umekufa," nikasema.

"Dada, mgeni rasmi hataupima mapigo ya moyo." Akampeleka dereva sokoni, na dereva akarudi na pakiti za bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia dishdasha, kanzu zetu nyeupe. Wakazimimina zote. Maji yakapendeza mno.

Nilikuwa na saa nzima ya kumwambia shangazi. Niliitumia kupanga chupa za maji mbele ya viti.

Shangazi aliwekwa mstari wa mbele, amevaa vizuri, fimbo magotini. Mgeni rasmi akaingia na joho lake, udi ukapita, maji ya waridi yakanyunyizwa, hotuba zikasomwa ambamo neno urithi lilitajwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Ndipo sinia ikaletwa, ukaya umekunjwa juu yake. Fundi alitakiwa ausogeze kwa mgeni. Hakuugusa. Alisimama kando, mikono nyuma, anatazama sakafu. Mwenyekiti akaichukua sinia mwenyewe, akapita nayo mbele ya shangazi kwenda mtungini, na shangazi akanyoosha fimbo akamzuia.

"Mbona hapanuki nili?" akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Pananuka dawa ya choo."

"Mama, tafadhali, si wakati wake."

"Wakati wake lini? Nikishafungwa sanda?"

"Ni onyesho tu, mama. Utafuliwa baadaye."

"Kaonyeshe wa mamako."

Akasimama, akautwaa ukaya kwenye sinia, akaukunja mara mbili akauingiza kifuani. Mgeni rasmi, ambaye Kiswahili hakijui, aliinama akauliza kwa Kiarabu mama amesema nini. Mwenyekiti hakusita hata kidogo.

"Anasema kitambaa chake ni kikuukuu mno, hakistahili kuguswa na mkono wako."

Mgeni akaguswa sana na unyenyekevu huo, akamwinamia shangazi kwa heshima. Mwenyekiti akatoa leso nyeupe mfukoni mwake, mgeni akaitumbukiza, ikatoka buluu ya kung'aa. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Ripoti niliyoiandika jioni ile inasema kwamba fundi kutoka Japani na mgeni rasmi wameihuisha nili ya Oman, na imetiwa sahihi na watu watatu.

Kwa shangazi nilikwenda kesho yake, nikitarajia kutukanwa. Nilimkuta fundi ameshatangulia. Alikuja kwa teksi, na mfuko wa plastiki wenye kiasi cha kilo moja ya ule udongo mweusi. Nilimuuliza ameupata wapi, akasema kwao hawatii gunia lote mtungini hata siku moja. Ilikuwa imebaki siku sita aondoke.

"Mwambie akae," akasema shangazi. "Na wewe ukae. Uso wako nitauzoea."

Walitumia pipa dogo la plastiki lililokuwa la mkaa, wakaliosha. Majivu yalitoka katika jiko lake la kuni, chokaa ikanunuliwa kwa muuza tambuu, tende zikawa zile anazopewa mbuzi wa jirani. Nilikuwa nikifika kila siku kazi zikiisha, saa nane na nusu, nikiwatafsiria, ingawa walielewana zaidi nisipokuwapo. Fundi alionyesha vidole viwili, yaani tende mbili. Shangazi alionyesha vitano.

"Bahili," alisema. "Nchi yao ina kila kitu, na tende anahesabu."

Siku ya tatu fundi alionja, akasimama ghafla, akaniomba chokaa haraka. Pipa lilikuwa limeanza kuchacha. Shangazi alikuwa ameamka alfajiri akatia konzi nzima ya tende, kwa kudhani kinacholiwa zaidi hukua zaidi. Fundi alitia chokaa kidogo kidogo, akaketi juu ya kindoo kando ya pipa tangu alasiri mpaka magharibi, anakoroga, anaonja.

"Kanuna," shangazi akaninong'oneza.

"Umetaka kuliua, shangazi."

"Mimi na yule mjinga wenu si sawa." Akalitazama pipa. "Mwambie nimetia kwa kupenda. Yule alitia kwa kuogopa."

Nilitafsiri. Fundi aliendelea kukoroga.

Siku mbili zilipotea kwa konzi ile. Povu la buluu lilipanda asubuhi ya siku ya sita, maana pipa dogo huiva upesi kuliko mtungi; nami siku hiyo niliomba ruhusa kazini, kwa kuwa gari la kumpeleka fundi Muscat lilikuwa linakuja saa tisa. Aliloweka ukaya maji safi, akaukamua, akampa shangazi mkononi: utumbukize wewe. Shangazi akakunja mikono ya nguo mpaka viwiko, akauzamisha, akakaa akiubonyeza chini taratibu kama alivyoonyeshwa. Ulipotoka ulikuwa kijani kibichi cha kutisha. Nikasema yote yameharibika. Shangazi wala hakunitazama. Aliutandaza kwenye kamba, na upepo ulipoupita, kijani kikaanza kuondoka kuanzia pembeni, na buluu ikaingia.

Walichovya mara nne, na baada ya kila mara wakasubiri hewa ifanye kazi. Gari lilipopiga honi, ukaya ulikuwa na buluu nyepesi sana, kama anga ya saa nne asubuhi. Fundi akasema kwao kila daraja ya rangi ina jina, na hii ya kwanza kabisa huitwa kuchungulia mtungi, kwa kuwa nguo imechungulia tu ikatoka.

"Miaka yote hii nimengoja nichungulie?" akasema shangazi.

Nilipomtafsiria, fundi alicheka, kisha akamwonyesha: leo lipumzike, kesho mara tatu, keshokutwa mara tatu, tende mbili. Akarudia vidole viwili mbele ya uso wake. Halafu akamwinamia mpaka mgongo ukalala, jambo ambalo hakumfanyia mgeni rasmi, akaondoka.

Shangazi alichovya siku tisa. Tende alitia mbili mbili, nilimchunguza. Siku ya kumi pipa lilikuwa limekwisha nguvu, haliachi tena alama, akalimwaga chini ya mlimau. Ukaya haukufikia ule weusi wa mama yake. Uliishia buluu ya wino, yenye mstari mwepesi pale ulipokunjwa miaka mingi, na mstari ule haukukubali rangi. Vidole vyake vilikuwa buluu mpaka kifundo cha kwanza. Binamu yangu alipoviona alimuuliza kama amekwenda kwa daktari.

Habari zikamfikia mwenyekiti, naapa si kwa kinywa changu. Akaja na mpiga picha, amejitia manukato, na Kiswahili chake kitamu kabisa.

"Shikamoo mama. Tumesikia kazi imefanikiwa, al-hamdulillah. Tunaandaa kabati la kioo, la urithi wa nchi mbili. Ukaya wako ndio utakuwa katikati."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kujitanda, anavaa viatu.

"Jirani binti yake amejifungua," akasema. "Nakwenda kumpa hongera."

"Kwa mwezi mmoja tu, mama. Watu wauone."

"Watauona. Napita sokoni."

Akatoka. Hakuharakisha, aliifuata njia ya sokoni, ile ndefu, ambapo wanawake wa soko lao la Jumatano walikuwa wameketi na biashara zao, na nilimwona mmoja wao akimsimamisha na kuushika ukaya upindo wake. Mwenyekiti alibaki uani kwa muda, akitafuta cha kupiga picha. Mwishowe akamwagiza mpiga picha wake apige lile pipa, ambalo lilikuwa limeoshwa na kurudishiwa mkaa.